Uso Wangu Juu ya Kopo

Jumanne, 24 Februari

Binti yangu amenitumia daftari hili. Anasema kila hasira ikinipanda niiandike humu badala ya kumtupia mteja. Nimempigia simu kumwambia mimi sina hasira. Alicheka mpaka nikamkatia.

Haya, naandika. Nina duka la vifaa vya ujenzi: misumari, bawaba, mabomba, mabati, rangi. Nimelijenga kwa jasho langu. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na kazi yake dukani ni kukaa juu ya mifuko ya saruji akisahihisha madaftari ya watoto wa watu. Ng'ambo ya barabara kuna duka kama langu, na mwenye duka hilo ndiye aliyesababisha nipewe daftari.

Mtaani anaitwa Usinunue. Jina kalipata kihalali. Mteja akiingia kwake akashika kitu, yeye husema, "Hicho usinunue." Leo nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mtu ambaye tayari alikuwa na pesa mkononi, "Kitasa hiki usinunue, kitakufungia nje kabla ya mwezi kwisha. Nenda kwa yule mama hapo ng'ambo, ana kizuri zaidi." Yule mama ndiye mimi. Yaani ananiletea wateja kwa dharau! Nimemuuzia yule mtu kitasa huku nimenuna.

Alhamisi, 26 Februari

Joto kali. Usinunue amevaa sweta. Sijui mtu huyu ana nini.

Jumatatu, 2 Machi

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, amekuja na biashara mpya. Tunamwita Mkurugenzi kwa sababu ndivyo anavyojitambulisha, hata alipokuwa hana cha kuongoza ila baiskeli. Ameshatengeneza sabuni isiyotoa povu na dawa ya mende iliyonenepesha mende. Safari hii ni rangi ya kuziba mapaa yanayovuja. Ameipa jina Paa Kavu.

Mimi ni mtu wa kuona, si wa kuambiwa. Nikamwambia apake bati la banda la kuku. Ilipokauka tukapanda na ndoo tukamwaga maji mpaka mikono ikauma. Ndani kukavu! Kuku walitutazama kama wanaotazama wagonjwa.

"Shemeji," Mkurugenzi akaniambia akijifuta jasho, "watu hawanunui rangi. Watu wananunua mtu. Mtaa mzima wanakuamini wewe. Tubandike picha yako kwenye kopo."

Nikamwambia aache utani. Kisha nikamuuliza picha itakuwa ya ukubwa gani.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda kwa mpiga picha. Ameniambia nitabasamu kama namwona mdogo wangu aliyepotea utotoni. Ilichukua muda.

Jumanne, 10 Machi

Makopo ya kwanza yamefika. Niko pale mbele, nimejifunga kilemba, natabasamu, na chini yangu pameandikwa USO WANGU NDIO DHAMANA YAKO. Yameisha kabla ya chakula cha mchana. Nusu ya mabati ya mtaa huu yana umri mkubwa kuliko wenye nyumba, na mvua iko njiani.

Mama Mkwe, anayeishi nasi katika chumba cha uani, amelizungusha kopo mkononi akalitazama kwa muda mrefu. "Hapa umetoka vizuri kuliko ulivyo," akasema. Nimechukulia kama sifa.

Kuna chumba cha biashara kinapangishwa karibu na benki, chenye milango ya kioo. Nimepita mara mbili leo, nikajiona kwenye kioo, nikajipenda. Nikiuza hivi mpaka mvua zishike, kile chumba ni changu.

Jumatatu, 16 Machi

Maagizo yamezidi. Mkurugenzi anatengeneza rangi usiku na mchana huko nyumbani kwake. Nilipokwenda kuchukua makopo nimekuta magunia ya unga yamepangwa ukutani. Mtu mmoja, hana mke, hana mtoto. Siku hizi anakula sana. Kazi ngumu inataka tumbo.

Alhamisi, 19 Machi

Leo shoga yangu kaja kununua. Ni fundi cherehani, chumba chake kiko nyuma ya duka langu, na tumejuana tangu sote wawili tulipokuwa wembamba. Paa lake ni ungo. Ana kazi kubwa ya gauni la bibi harusi, jeupe, la shanga kifuani, na harusi ni katikati ya Aprili.

Akalinyanyua kopo. "Shoga, niambie ukweli. Ni nzuri hii?"

"Unaniuliza na huku uso wangu unauona?"

Akacheka, akatoa pesa. Sikumpunguzia, biashara ni biashara, ila nimemtumia mpakaji bure. Mpakaji ni Mkurugenzi mwenyewe.

Jumamosi, 21 Machi

Ndege wote wa mtaa wamehamia kwenye mapaa yaliyopakwa Paa Kavu. Wanadonoa kutwa nzima. Jogoo wetu naye amepanda juu ya chumba cha Mama Mkwe na hataki kushuka. Nimewaambia wateja: hata viumbe vya Mungu vinajua kitu kizuri.

Jumatatu, 23 Machi

Usinunue kavuka barabara. Sijawahi kumwona akivuka. Akasimama mbele ya makopo, akauliza kama anaweza kuona rangi. Nikamfungulia moja, nikidhani anataka kuagiza, na moyoni nikawa nimeshapanga jinsi nitakavyomkatalia.

Akachovya kidole. Akanusa. Kisha, mbele ya wateja wangu watatu, akakiweka kidole mdomoni!

"Mm," akasema. "Imekosa chumvi tu."

Nilimrushia brashi. Ilimpata kwenye sweta. Akaiokota, akaitazama, akaiweka mezani. "Brashi hii inamwaga nywele," akasema, akarudi kwake.

Wivu. Mtu akikuona unapanda anatafuta pa kukushika mguu.

Ijumaa, 27 Machi

Nimemwambia mwenye chumba chenye milango ya kioo anisubiri kidogo. Mume wangu ameinua kichwa kwenye madaftari akaniuliza, "Unga wote ule wa nini kwa Mkurugenzi?" Nimemwambia asahihishe watoto.

Jumatano, 1 Aprili

Manyunyu asubuhi. Hakuna aliyelalamika. Nimetembea barabarani nikiwapungia watu mkono kama mgombea.

Jumamosi, 4 Aprili

Imekuja. Si manyunyu, mvua yenyewe, ile ya kupiga bati mpaka watu mlio chumba kimoja mnaongea kwa mikono. Ilianza mchana. Nilikuwa mlangoni mwa duka nimekunja mikono, roho kwatu, nikijisemea leo ndiyo leo, watanijua.

Mama Mkwe akaita kutoka uani. "Mkwe wangu! Njoo nikuoneshe ulipokaa."

Nikakimbia. Chumbani kwake maji yalikuwa yakishuka sehemu nne, na hayakuwa maji hasa. Yalikuwa mazito, ya kijivu, yakivutika kama makamasi ya mtoto. Chini ya kila tundu ameweka kopo tupu la Paa Kavu. Nilikuwa sakafuni pembe nne, nikitabasamu, na mimi wote wanne nilikuwa ninajaa.

"Kopo lenyewe ni zuri," akasema Mama Mkwe, amekaa juu ya kitanda amejikunyata na miguu yake mikavu. "Halivuji hata kidogo. Mngewauzia watu makopo tu."

Mkurugenzi akatokea mlangoni, mwavuli umepinduka. Mama yake alimtazama, akachovya kidole kwenye kopo, akakisugua kwa kidole gumba.

"Mwanangu," akamwambia, "hiki ni kitu gani?"

"Ni teknolojia mpya, mama."

"Teknolojia hii nilikuwa nakulisha ukiwa huna meno."

Nilijifanya sikusikia. Nikachukua makopo nikayamwage nje, na kwa kuwa mvua haikukoma, kazi hiyo imenifanya niwe mbali na mazungumzo jioni yote.

Jumapili, 5 Aprili

Wateja walinifuata nyumbani. Kinyozi wa mtaa alikuja na kopo lililojaa akaliweka mezani, karibu na chai. Mpishi wa shule alisema mapaa mawili ya shule yanavuja kuliko kabla hayajapakwa, kwa sababu ndege wametoboa pale walipodonoa.

Niliwaambia hawakusafisha bati. Niliwaambia walipaka tabaka moja badala ya mawili. Niliwaambia jua lilikuwa kali, kisha nikawaambia halikuwa kali vya kutosha. Mkurugenzi alikuwa bora zaidi. Aligeuza kopo akawaonesha maandishi madogo kule chini: HIFADHI MAHALI PAKAVU.

"Tuliwaonya," akasema. "Ikiguswa na maji, kampuni haihusiki."

Kinyozi alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Wote walinitazama mimi. Ni uso wangu ulioko kwenye kopo, sasa wangemtazama nani?

Jumanne, 7 Aprili

Sitaki kuandika ya leo. Lakini nikiacha, nitamrukia mtu.

Shoga yangu alimtuma mtoto wa jirani aniambie niende mara moja. Nikaingia chumbani kwake. Gauni la bibi harusi lilikuwa limevalishwa lile sanamu lake la mbao la kupimia nguo, na kutoka bega la kushoto mpaka kwenye shanga za kifuani kulikuwa na mtiririko mzito wa kijivu, umeshaanza kukauka na kukakamaa. Sakafuni nilikuwepo mimi, natabasamu, nimepitwa na tone kwa inchi chache.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! Mimi na kelele tunajuana.

"Shoga," akasema, "uliniambia ni nzuri."

Na mimi, badala ya kusema neno moja la kibinadamu, nikafungua mdomo nikasema, "Ulifagia bati kabla ya kupaka?"

"Aliyepaka ni shemeji yako."

"Basi ulimharakisha."

"Nilikuwa nimelala. Ulimtuma wewe."

"Kitambaa cheupe nacho, mtu mwenye paa bovu hapokei kazi ya kitambaa cheupe…"

Nilijisikia nikiongea na sikuweza kunyamaza. Maneno yalikuwa yanatoka tu. Yeye akawa anachomoa sindano kwenye gauni moja moja, anazichoma kwenye kile kimto chake, mpaka nikaishiwa.

"Mimi sikununua rangi," akasema hatimaye. "Rangi siijui. Nilikununua wewe." Kisha akanifungulia mlango.

Mimi silii. Hata kwenye msiba wa baba yangu sikulia, niliosha vyombo. Leo nimeosha vyombo vyote vya nyumba, hata vile vya kabatini ambavyo havijatumika tangu tuoane. Mume wangu alikuja jikoni, akachukua kitambaa, akasimama kando yangu akikausha.

"Uliujua ule unga?" nikamuuliza.

"Niliuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza. Ukaniambia nisahihishe watoto."

Jumatano, 8 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Nimempigia shoga. Hapokei. Nimepita mlangoni kwake mara tatu nikijifanya nakwenda dampo, mikononi sina taka yoyote.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimekwenda kwa Mkurugenzi. Nimemkuta anakoroga pipa.

"Sema," nikamwambia.

Akasema. Yale makopo ya kwanza yalikuwa ya dawa halisi. Maagizo yalipozidi, dawa ikapungua, akaongeza unga uliopikwa ili iwe nzito. Kidogo tu, mwanzoni. Kisha kidogo tena.

"Na chumba cha mama yako mzazi? Nacho umekipaka uji?"

Akajinyoosha, akaweka mkono kifuani. "Shemeji, ningempa mama dawa nzuri na wengine unga, ungekuwa upendeleo. Mimi katika biashara sibagui."

Nikageuka nikaondoka. Na njiani nikirudi nikajikuta namtafutia adhabu, nikipanga nitakavyomtangaza mtaa mzima kuwa ni tapeli, alinidanganya mjane wa watu. Hata mjane siyo mimi. Ndipo nikasimama palepale kwenye matope. Magunia niliyaona kwa macho yangu. Nikasema anakula sana. Hakuna mtu anayekula magunia manne kwa wiki, na mimi kuhesabu magunia ndiyo kazi yangu.

Nilijua. Nilitaka milango ya kioo, nikanyamaza.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimevuka barabara. Mvua ilikuwa imepumzika, Usinunue alikuwa anakunywa chai na biskuti, na sweta lake lilikuwa na alama ya brashi bado.

"Jirani," nikamwambia, "nataka lami ya kuzibia mapaa. Yote uliyo nayo."

Akatafuna mpaka akamaliza. "Usinunue."

Nilitaka kumpiga. Akainua mkono. "Juu ya uji haishiki. Kwangueni kwanza, muoshe bati, likauke jua la siku nzima. Ukipaka leo utarudi hapa kunigombeza, chai yangu ipoe."

"Kwa nini hukuniambia siku ile kwamba ni unga?"

"Nilikwambia imekosa chumvi."

"Hiyo ndiyo kumwambia mtu?"

Akatazama kikombe chake, na nikaona kumbe naye kuna kitu kinamkera. "Ningesema wazi," akasema. "Lakini ulikuwa na brashi nyingine mezani."

Nikakaa juu ya ndoo yake. Nikamuuliza lile ambalo limenitesa miaka: mtu anayewafukuza wateja, duka lake linasimamaje? Nilitegemea hekima. Nilikuwa tayari kabisa kwa hekima.

"Mimi ni mvivu," akasema. "Ukimuuzia mtu kibaya, una kazi. Unakumbuka ulimwambia nini, unamkwepa barabarani, anarudi na ndugu zake. Mimi sina nguvu hizo. Nikimwambia usinunue, anakwenda zake, mimi nakunywa chai. Akirudi, haniulizi maswali. Anaweka pesa, anachukua, anaondoka. Kazi kidogo."

Akanipa biskuti moja. Zilikuwa zimebaki nyingi, ila alinipa moja. Ni bahili kupita kiasi.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimempigia mwenye chumba chenye milango ya kioo nikamwambia ampe mwingine. Pesa ile inakwenda kwenye lami. Kisha nimeosha vyombo.

Mchana nimebandika karatasi kubwa mlangoni: PAA KAVU SI KAVU. INA UNGA. NILIYEMUUZIA AJE, NITAMTENGENEZEA PAA LAKE. AJE NA KOPO.

Mkurugenzi alipoisoma alishika kichwa. "Shemeji, unaiua kampuni!"

"Kampuni ilikufa maji Jumamosi ile ya mvua. Shika ngazi."

Kufikia jioni mlangoni kulikuwa na foleni. Nilitukanwa vya kutosha. Wengine walinitukana mara mbili, wakarudi mwisho wa foleni ili wapate tena. Lakini kopo hakuna aliyelileta. Nikamuuliza kinyozi kopo lake liko wapi.

"Siwezi kulileta," akasema. "Liko kazini."

Jumanne, 14 Aprili

Nimenunua kitambaa cheupe na shanga, nimekwenda kwa shoga. Alifungua mlango nusu.

"Nilijua kuna unga," nikamwambia. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini ni hilo tu lililotoka. "Niliona magunia nikanyamaza. Bati lako halina kosa, na wewe huna kosa. Siku ile ulichoniuliza nilikuwa nakijua."

Alinitazama kwa muda. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni, na kusema kweli nilistahili.

"Kitambaa weka mezani," akasema. "Miguu futa hapo."

Nilikaa kwake mpaka jioni nikitunga shanga kifuani. Nilijichoma vidole vyote. Nilipomaliza safu mbili nikamwonesha. Akazichukua, akazifumua zote, akanipa vifungo nivipange kwenye kisahani.

Ijumaa, 17 Aprili

Gauni limekwisha. Hajanisamehe. Ila ameniambia, "Kesho vaa viatu vinavyofunga, nje kuna matope."

Jumamosi, 18 Aprili

Bibi harusi alipendeza. Nililia — hapana, sikulia, ilikuwa mvua.

Jumatano, 22 Aprili

Jua! Tumekwangua mapaa matatu. Mume wangu anakwangua kwa rula. Mkurugenzi alitaka kusimamia kazi kutoka chini; mama yake akatoka uani na fimbo yake ya kutembelea, akaigonga ngazi mara moja, mwanawe akapanda.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Hatukufanya kitu.

Jumatatu, 27 Aprili

Tumepaka lami paa la kinyozi. Usinunue alikuja kuangalia, akasimama chini na sweta lake akisema, "Hapo kushoto… kushoto… hapana, umepapita." Amenikera mpaka nikasahau shida zangu zote. Hatukuacha hata tundu moja.

Jumatatu, 4 Mei

Nimemwambia shoga kesho ni zamu ya paa lake. Amekataa. "Anza na wengine. Mimi niwe wa mwisho. Nataka nione kama utafika."

Jumatano, 6 Mei

Mvua.

Ijumaa, 8 Mei

Leo mteja mgeni kaingia dukani akataka brashi. Nimeishika, nikaikumbuka. "Hii inamwaga nywele," nikamwambia. Akaniuliza niko sawa kichwani. Nimemuuzia rola ya kupakia rangi badala yake. Mume wangu hakuinua uso kwenye madaftari, ila nilimwona mabega yakitikisika.

Alhamisi, 14 Mei

Mama Mkwe amelala usiku mzima bila kopo. Asubuhi ananilalamikia kwamba ukimya ulimsumbua.

Jumanne, 19 Mei

Tumefika kwa shoga. Nimekwangua mwenyewe, sikumruhusu mtu. Kule juu nilipata gundi ya kijivu imeganda kwenye kila mkunjo wa bati, na alama za midomo ya ndege, na unyoya mmoja wa jogoo wetu. Niliosha, nikangoja jua, nikapaka lami, nikangoja tena, nikapaka tena. Shoga alikaa mlangoni akishona. Kila nikichungulia naona kisogo chake. Ila saa saba kuna mtu aliacha kikombe cha maji kwenye kidato cha chini cha ngazi.

Alhamisi, 21 Mei

Jua kali kabisa. Sasa ninataka mvua, na haiji! Ilinyesha wiki zote nilipokuwa siitaki.

Ijumaa, 22 Mei

Jua. Nimelitazama anga mpaka Usinunue akavuka kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumamosi, 23 Mei

Mawingu yalianza asubuhi. Ilipofika saa tisa mchana mbingu ikafunguka, na nadhani ndiyo ya kufungia msimu, maana ilinyesha kama inayotaka kumaliza akiba yote. Niliacha duka wazi nikamwachia mume wangu na madaftari yake, nikakimbia nyuma kwa shoga. Nilifika nimelowa mpaka soksi.

Mlango ulikuwa wazi. Yeye amekaa upande mmoja wa chumba, na katikati ya sakafu, palepale palipokuwa pakivuja, ameweka kopo. Sikumuuliza. Alikuwa ameliosha. Tabasamu langu lilikuwa limefifia kidogo upande wa shavu, lakini maandishi yanasomeka yote: USO WANGU NDIO DHAMANA YAKO.

Nikachukua kigoda nikakaa upande wa pili. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu kiasi kwamba hata tungetaka kusemezana tusingesikilizana. Tukalitazama kopo. Nikalisogelea, nikaliinamia nione ndani. Kavu. Tukangoja. Upepo ukaja, bati likaguna, nikachungulia tena. Kavu. Kwenye sanamu la mbao kulikuwa na gauni jingine jeupe, jipya, nami ndiyo kwanza nikaliona. Alikuwa amepokea kazi ya kitambaa cheupe. Amelivalisha palepale, chini ya bati nililopaka mimi, kabla mvua haijaja na kabla ya mtu yeyote kujua kama litavuja.

Kisha, ti. Tone moja limeanguka ndani ya kopo.

Tuliruka wote wawili tukatazama juu. Nilitafuta kwa macho kila msumari, kila mkunjo. Paa lilikuwa kavu kabisa, hakuna hata unyevu. Nikainama tena kwenye kopo, nimechanganyikiwa. Ti, jingine.

Shoga akageuka akanitazama mimi. Akanitazama kwa muda mrefu, kama siku ile mlangoni, kisha akainuka, akavuka chumba na kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki.

"Futa uso, shoga," akaniambia kwa sauti ya kushinda mvua. "Ni wewe unayevuja."